Kiraka Hakishiki Palipo Maji

Miaka ishirini na sita naziba pancha hapa Oli, Arua,
chini ya bati lenye matundu ambalo sijawahi kuliziba.
Tyubu za Adriko muuza maziwa, za watoto wa shule,
za wanaoshuka Koboko na mihogo kuzidi vimo vyao.
Kiraka hakishiki palipo maji:
hilo nilidhani nalijua.

Kisha utumbo ukajipiga fundo,
wakanipasua usiku,
nikaamka na mdomo mdogo kulia kwa kitovu,
mwekundu, umelowa kama ndani ya shavu,
hauna meno, hauna adabu,
husema unapotaka.

Mwezi wa pili nyumbani nikaanza kuvuja.
Mifuko inakuja na basi la usiku kutoka Kampala,
nami nilihesabu kila mmoja kama tairi jipya,
nikabandika utepe juu ya utepe,
nikafunga kavera, nikafunga leso ya Munduru,
na chini yake ngozi ikababuka
kama rangi ya baiskeli iliyosahauliwa mvuani.
Maji ya utumbo hayachagui:
yalivyotumwa kumeng'enya mihogo
ndivyo yanavyommeng'enya mwenye mihogo.

Ijumaa nikaswali nyumbani.
Ijumaa ya pili pia.
Ya tatu Munduru hakuniuliza.

Nikamwendea Sista Drichiru na kopo la solusheni mfukoni.
"Hii inashika mpira. Itashindwaje na tumbo?"
Akalinyakua, akaliweka juu ya kabati.
(Liko huko hadi leo.)
"Fundi, tyubu ikiletwa na matope, unabandika?"
"Hapana."
"Unafanyaje?"
"Naosha. Nakausha. Napima tundu."
"Sasa nani amekudanganya
kwamba tumbo lako lina heshima kidogo kuliko tyubu?"

Akanipa kadi yenye matundu, tukapima.
Mdomo ulikuwa umesinyaa!
Nilitoka hospitali nao upana wa kifuniko cha soda,
sasa sarafu ya mia tano inaufunika,
nami bado nakata tundu la zamani,
naacha pengo kuuzunguka, ngozi iko uchi,
kila chakula kinapita hapo kikiuma.

Siku hizi naamka kabla ya adhana,
sijala, na ule mdomo bado umelala.
Munduru anamulika kwa simu.
Nabandua kuanzia juu, polepole,
mkono mmoja umeshikilia ngozi isifuate.
Maji ya vuguvugu, basi.
Vaselini hapana; mafuta ni adui wa gundi,
hata mwanagenzi wangu anajua.
Tone la damu kwenye kitambaa halinitishi tena,
mdomo huo una haya, hugeuka mwekundu ukiguswa.
Nakausha kwa kugusagusa.
Napepea kwa daftari la madeni,
angalau lifanye kazi moja yenye faida.
Palipochubuka, poda kidogo, ya ziada naipangusa.
Nakata: tundu limzidi mwenyewe
kwa unene wa spoku moja, si mbili.
Kibandiko nakipasha kwapani kama yai,
nakiweka, nakikandamiza kwa kiganja, tunahesabu mia,
mimi kwa Kiswahili, Munduru kwa Kilugbara.
Hatujawahi kufika pamoja.

Juzi Ijumaa nilikwenda.
Safu ya mwisho, karibu na mlango.
Kabla ya hotuba niliumwaga mfuko,
haukuwa hata nusu,
sikutaka uzito wake uvute kibandiko nikisujudu.
Nikainua kichwa. Mkeka ulikuwa mkavu.
Niliukaza macho muda mrefu kuliko inavyopasa,
jirani akadhani nalia dhambi zangu.

Leo mchana, mwasho.
Mdogo tu, upande wa chini, kama sisimizi mmoja.
Zamani ningeongeza utepe na kuendelea na kazi.
Nikaweka bisibisi chini, nikanawa mikono.
"Unakwenda wapi?" akasema Adriko,
gurudumu lake bado limelala miguuni pangu.
"Subiri," nikamwambia,
"kuna pancha imetangulia ya kwako."